Kabla Uchague Chuo cha Unesi, Uliza Wadi Iko Wapi

Mwaka 1889, Chicago, msichana mweusi anaitwa Emma Reynolds alitaka kuwa nesi. Hakuomba makuu, alitaka tu kusomea unesi. Alipeleka maombi kwenye shule za unesi za mji huo na zote, moja baada ya nyingine, zikamkataa kwa sababu ya rangi yake. Wewe ukinyimwa kozi moja unalala siku mbili na hutaki hata chai. Huyu alikataliwa na mji mzima.

Ndugu yake Louis alikuwa mchungaji. Akamwendea Daniel Hale Williams, mmoja wa madaktari weusi wachache waliokuwa Chicago wakati huo, amsaidie kumwingiza dadake mahali. Williams alikuwa na jina, na milango bado haikufunguka. Sasa angalia walichofanya, kwa sababu hapo ndipo stori yangu yote iko. Hawakukodisha chumba wakaweka ubao na viti wakaita shule. Walichangisha pesa, kwa matajiri na kwa watu wa kawaida, wakachukua nyumba ya orofa tatu, na mwaka 1891 wakafungua hospitali ya vitanda 12. Ikaitwa Provident. Shule ya unesi ikawa ndani yake, na Emma akawa kwa darasa la kwanza.

Yaani mtu ametaka shule, amejengewa hospitali.

Kulikuwa na sababu zingine, najua. Madaktari weusi hawakuwa na mahali pa kufanyia kazi, na wagonjwa weusi walikuwa wanatibiwa vibaya au kufukuzwa. Lakini hata ukiziweka kando hizo, bado hawangeweza kufundisha nesi bila mgonjwa. Na vitanda 12 vilitosha kwa mambo makubwa: mwaka 1893, ndani ya hiyo hospitali ndogo, Williams alimpasua kifua jamaa aliyedungwa kisu, James Cornish, akashona ngozi inayozunguka moyo, na jamaa akaenda nyumbani akiwa hai. Hebu fikiria uko mwaka wa pili na hiyo ndiyo hospitali yako ya mazoezi. Emma mwenyewe hakuishia hapo, aliendelea na masomo na kufikia 1895 alikuwa daktari.

Nimeileta hii stori kwa sababu msimu wa kuchagua kozi ukifika, nasikia maswali matatu tu mtaani kwetu. Chuo gani kiko na jina? Gani kiko Nairobi, nisipelekwe mbali? Na gani karo yake si noma? Ni maswali ya maana, siwezi kumcheka mtu anayeuliza karo, maisha ni magumu. Lakini sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza: hiki chuo kiko na hospitali gani, na hiyo hospitali iko na vitanda vingapi?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuwa hata nasomea unesi. Kwa hivyo usinichukue kama mshauri wa kozi. Nilichonacho ni muda wa kusoma mambo ya zamani, na binamu yangu ambaye amepata B- na ana jina la unesi tu mdomoni tangu darasa la sita. Nilianza kumsaidia kuchagua vyuo, nikajipata nasoma historia mpaka saa nane usiku. Nilichoona ni kwamba, kila pahali, historia ya shule za unesi ni historia ya vitanda. Nani ako navyo, nani anaruhusiwa kuvikaribia, na nani anafanyia kazi nani.

Tuanze na yule kila mtu anamjua, mama wa taa. Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo tu ya Istanbul, Novemba 1854 na wanawake 38, kuuguza wanajeshi Waingereza wa vita vya Crimea. Waingereza wakamchangia pesa nyingi sana, na hizo pesa ndizo zilifungua shule yake London mwaka 1860. Iliwekwa wapi? Ndani ya hospitali ya St Thomas'. Msichana aliyeingia alilala hapo, akakula hapo, akapewa kitu kidogo mfukoni, na kwa mwaka mmoja akafundishwa kando ya vitanda huku akifanya kazi. Huo mtindo ukanakiliwa himaya nzima. Ndio huo ulikuja kutufikia hata sisi.

Sasa kuna mwanamke mwingine wa vita hiyo hiyo. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Alijifunza dawa kwa mamake, akauguza wagonjwa wa kipindupindu huko Panama kabla hata vita haijaanza. Alipofika London kuomba apelekwe Crimea akauguze, walimkataa. Akajilipia nauli mwenyewe. Mwaka 1855 akafungua mahali karibu na Balaklava, nusu hoteli nusu zahanati, akawauzia wanajeshi chakula na kuwatibu, na kuna siku alifuata majeruhi mpaka karibu na mstari wa vita. Cheti hakuwa nacho. Shule ya kwenda hata haikuwepo. Leo ukienda London sanamu yake imesimama ndani ya uwanja wa St Thomas', pale pale penye shule ya Nightingale, imewekwa 2016. Miaka ikapita, mpaka 1946 ndipo shule hiyo ikampokea Mnaijeria, Kofoworola Abeni Pratt, ambaye alirudi kwao na baadaye akawa mkuu wa manesi wa nchi nzima.

Lakini usifikiri wadi ni mahali patakatifu. Hii ndiyo sehemu watu huruka wakipiga stori za Nightingale. Hospitali ziligundua haraka kwamba mwanafunzi wa unesi ni mfanyakazi wa bei rahisi. Kule Marekani zilifunguliwa shule nyingi ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kupatia hospitali mikono, na masomo yakawa kitu cha jioni ukiwa umechoka. Mary Mahoney, Mmarekani mweusi wa kwanza kufuzu unesi kwa mafunzo rasmi, aliingia hospitali ya wanawake na watoto ya New England, Boston, mwaka 1878. Waliingia 42. Waliomaliza mwaka 1879 ni 4, na yeye akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 34. Na kabla ya kuingia darasani alikuwa ameshafanya kazi katika hospitali hiyo hiyo miaka mingi, kupika, kufua, kusafisha. Aliijua hospitali kutoka jikoni. Huwa najiuliza kama hiyo ndiyo ilimwezesha kuvumilia wakati wengine 38 walikuwa wanafunga virago.

Kwa hivyo watu wakaanza kusema: huyu mwanafunzi lazima awe mwanafunzi kwanza. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha shule ya unesi ndani ya chuo kikuu mwaka 1909. Mwaka 1923 ikatoka ripoti kubwa, inaitwa ya Goldmark, ikasema wazi kwamba shule za hospitali zinawatumia wanafunzi zaidi ya kuwafundisha, na shule inafaa kuwa na pesa zake. Mwaka huo huo Yale ikafungua shule yake ya unesi, na mkuu wake, Annie Goodrich, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo pale.

Elewa hapo vizuri, kwa sababu watu wanagombana bure. Kuna wale wanasema nesi wa digrii ni wa vitabu na nesi wa diploma ndiye anajua kazi. Digrii haikuanzishwa kumtoa mwanafunzi wadini. Ilianzishwa ili akiwa wadini awe anasoma, asiwe anajaza pengo la mtu ambaye hospitali haitaki kumlipa. Zote mbili zinahitajika, kitanda na mtu wa kukufundisha ukiwa kando ya hicho kitanda. Chuo kikikosa kimoja, utalipa karo na bado utatoka nusu.

Kenya sasa.

Ile Kenyatta unayoijua ilianza 1901 kama hospitali ya wenyeji, vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la mfalme, King George VI, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Wazungu walikuwa na yao, European Hospital, iliyofunguliwa 1954, ambayo leo ndiyo Nairobi Hospital. Kwa hivyo hata sisi vitanda vilikuwa na rangi. KMTC nayo ilianza 1927, na ilianza palepale Nairobi, kwa sababu serikali ya mkoloni ilihitaji Waafrika wa kusaidia madaktari wake. Sio ati walitaka kutupatia taaluma. Walitaka mikono, kama zile hospitali za Marekani.

Huko mashambani kazi ilifanywa na misheni. Chogoria, kule Meru, hospitali ilianzishwa na Daktari Archibald Irvine mwaka 1922. Tumutumu, Maseno, Kaimosi, Mathari ya Nyeri, Kendu Bay, ukiangalia zote utaona mpangilio ni ule ule: kwanza zahanati, halafu wadi, halafu vijana wanafundishwa kufunga vidonda, halafu siku moja unasikia kuna shule. Wengi wa hao wa kwanza walikuwa wavulana. Waliitwa dresa. Wazazi hawangekubali msichana aende kulala hospitali kushika watu wasiowajua, na wamisionari wenyewe walichukua muda kuwashawishi. Kwa hivyo kama wewe ni kijana wa kiume na maboyi wanakucheka ati unesi ni kazi ya madem, waambie babu zao walifungwa vidonda na wanaume.

Halafu kuna kitu kinaitwa rejesta. Nitakaa hapo kidogo kwa sababu hapo ndipo watu wa siku hizi wanachomeka. Mwishoni mwa karne ya 19 manesi waligundua kwamba mtu yeyote anaweza kuvaa kofia nyeupe akajiita nesi. New Zealand ikatunga sheria ya kuandikisha manesi mwaka 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa wa kwanza kwenye rejesta ya nchi nzima. Uingereza ilifuata 1919. Hapa Kenya sheria ya kuandikisha manesi na wakunga ilikuja 1949, na hili Baraza la Manesi tulilonalo linatokana na sheria ya 1983. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni chuo kukuambia umefuzu. Mlango wa pili ni Baraza kukuandika. Bila wa pili, ile gauni ya mahafali ni ya kupigia picha tu.

Rejesta yenyewe ilikuwa na ngazi. Wengi walisomea cheti, wakaitwa enrolled, na wachache wakawa registered, wa diploma. Wale wa cheti ndio walibeba zahanati za nchi hii miaka na miaka. Ukiuliza shosho wako nani alimzalisha mamako, uwezekano ni mkubwa ni nesi wa cheti. Kupanda juu ilikuwa ngumu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza diploma ya juu kwa manesi waliokuwa tayari kazini. Mkenya alifika kileleni hata kabla digrii haijafika: Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa mkuu wa manesi wa nchi hii, aliongoza Baraza la Kimataifa la Manesi kutoka 1981 hadi 1985, Mwafrika wa kwanza kukalia hicho kiti. Halafu ndiyo digrii ikaja. Baraton, chuo cha Waadventista kule Nandi, kikawa mbele mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 Nairobi na Moi wakaingia. Ukiangalia vizuri, Nairobi wana Kenyatta, Moi wana hospitali ya rufaa ya Eldoret. Tena vitanda.

Na wale wa cheti? Mwaka 2005 AMREF na Baraza walianza mpango wa kuwasomesha wakiwa kazini, kwa kompyuta, ili wapande kutoka cheti hadi diploma. Wengi wao walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta. Watu wazima, wana watoto, wana zamu za usiku, wanajifunza kutumia kipanya ili wafanye mtihani. Mimi hiyo stori inanibamba kuliko ya Nightingale, siwezi kudanganya.

Sasa turudi kwa binamu yangu na ile orodha ya vyuo. Unesi wa digrii unataka wastani wa C+, na C+ pia katika Kiingereza au Kiswahili, katika Biolojia, katika Kemia, na katika Hesabu au Fizikia. Hayo anayo, lakini unesi una watu wengi wanaoutaka na pointi zake si mbali na mpaka, kwa hivyo serikali inaweza kumpeleka au isimpeleke. Shangazi yangu, mamake, ameshaamua kwamba serikali ikikataa atauza kipande cha shamba ampeleke chuo cha kibinafsi. Alikuwa ameshapata na brosha. Picha ya jengo la vioo, wasichana watatu wamevaa sare nyeupe, na maneno makubwa ya kimataifa.

Nikamuuliza, shangazi, hii iko na hospitali gani? Akaniambia, "Wewe uliacha shule ndio unaniuliza maswali?" Sawa. Nikanyamaza kidogo, halafu nikamkumbusha dada mmoja wa ploti yetu.

Huyo dada alisomea unesi kwa chuo ambacho sitakitaja, orofa ya tatu juu ya maduka ya vitambaa. Kulikuwa na mwanasesere mmoja wa plastiki, kitanda kimoja, na mifupa ya kuning'inia. Waliambiwa hospitali ya mazoezi inakuja. Muhula ukaisha, wakaambiwa inakuja. Alilipa karo miaka miwili, mamake akiuza mboga Githurai, kabla hajaenda kwa ofisi za Baraza kuuliza mambo ya mtihani na kuambiwa jina la hicho chuo halipo kwa orodha yao. Hakuwa ameandikishwa. Hawezi kufanya mtihani wa leseni. Sasa anauza nguo za mtumba, na bado anajua kupima presha vizuri sana, anatupima sisi wote kwa ploti. Lakini hakuna hospitali inaweza kumwandika kazi kama nesi.

Kilichomuumiza huyo dada si kwamba chuo kilikuwa kidogo. Provident ilikuwa na vitanda 12 na ilitoa watu. Yake ilikuwa na kitanda kimoja na mgonjwa wa plastiki.

Kwa hivyo hivi ndivyo tulifanya, mimi na binamu, na mtu yeyote anaweza kufanya akiwa na simu na bando ya siku moja. Kwanza tukafungua tovuti ya Baraza la Manesi, tukaangalia orodha ya vyuo vilivyokubaliwa, na tukaangalia pia vimekubaliwa kwa kozi gani, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya diploma na kikakuuzia digrii. Usitosheke na mtu kukuambia chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tume na mabaraza ya taaluma wamevutana miaka mingi kuhusu nani anaidhinisha kozi, mpaka sheria ikabadilishwa 2016, mpaka kortini. Sitaki kuingia hapo. Wewe ukumbuke tu rejesta iko kwa nani, na uulize kama wanafunzi wanaandikishwa na Baraza mara wakiingia.

Baada ya hapo tukaanza kupigia vyuo simu. Binamu ni mwoga wa simu kwa hivyo niliweka spika na tukaongea wote. Mnatumia hospitali gani? Ni yenu au mmekubaliana na kaunti? Kuna vyuo vingine vingapi vinaleta wanafunzi kwa wadi hiyo hiyo? Hilo la mwisho ndilo lilifanya watu wakohoe. Hospitali ya kaunti yenye jina zuri inaweza kuwa na wanafunzi wa KMTC, wa chuo kikuu na wa vyuo viwili vya kibinafsi siku moja, watu kumi wamezunguka mama mmoja anayejifungua, na wewe uliye nyuma unaona mgongo wa mwenzako. Uliza pia nani yuko na nyinyi wadini, mwalimu wa chuo au mnaachiwa nesi wa zamu ambaye ana wagonjwa arobaini. Hapo ndipo utajua kama unaenda kusoma au kujaza pengo, na hilo swali lina miaka zaidi ya mia moja.

Uliza mambo ya mgomo pia. Kutoka Juni hadi Novemba 2017 manesi wa hospitali za umma waligoma, karibu miezi 5, na walikuwa na haki yao. Lakini chuo kinachotegemea hospitali moja ya umma, wadi ikifungwa darasa limefungwa. Chuo kimoja kilituambia kina hospitali ya misheni ya pili kwa siku kama hizo. Hilo jibu lilinifurahisha kuliko jengo la vioo. Halafu kuna karo, na hapo usihesabu miaka minne pekee. Digrii ni miaka 4, halafu kuna mwaka wa intanshipu, na kuna kungoja hiyo intanshipu. Kuna nauli ya kwenda hospitali za mbali, kuna sare, viatu, na kuna kodi ya nyumba mahali chuo hakina hosteli.

Na diploma si aibu. Hii ndiyo tuligombana nayo na shangazi mpaka chai ikapoa. KMTC haitoi digrii, inatoa diploma, lakini ina kampasi zaidi ya 70 na nyingi ziko ndani au kando ya hospitali. Mtu akiingia hapo na wastani wa C au zaidi, akamaliza, akaandikwa na Baraza, akafanya kazi, anaweza kurudi kusomea digrii baadaye akiwa na mshahara wake. Ile njia ya 1968 bado ipo, na imepanuka. Shangazi anasema hataki mtoto mwenye B- aende diploma, watu wa kanisa watasema nini. Mimi nikamuuliza watu wa kanisa wananunua ngapi ya hilo shamba.

Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Hata hivyo naelewa anachoogopa. Amelea mtoto pekee yake, na digrii ndiyo kitu alichoahidi mbele ya watu. Na si uongo kwamba digrii inafungua milango mingine, ya kufundisha, ya utafiti, ya kwenda ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza walitia sahihi makubaliano ya manesi, na tangu hapo kila brosha ina picha ya ndege. Shida yangu na ndege ni kwamba huko unakoenda watakuuliza yale yale: rejesta yako iko wapi, na umeuguza nani?

Tulipofika hapo binamu, ambaye alikuwa amenyamaza tu akisugua sufuria, akasema yeye anataka kuweka vyuo viwili vyenye hospitali zao za rufaa juu, halafu kimoja cha misheni, na KMTC iwe ya mwisho isipoitika digrii. Jengo la vioo halimo. Shangazi hajakubali, lakini hajakataa pia, na kile kipande cha shamba bado kiko. Amesema kabla atie pesa yoyote mahali lazima aone kwa macho yake. Kwa hivyo Jumatatu wanapanda matatu wote wawili, wanaenda kwa hiyo hospitali ya misheni saa za kuona wagonjwa, wahesabu vitanda.